Mcheza Ugenini Naye Hutunzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini katika kandanda ya Afrika imewahi kutokea kwamba aliyetunzwa ni yule aliyecheza vyema ugenini. Nimeandika somo hili fupi kwa kuwa huko bwenini mabishano hayaishi. Wengine wanadai kuwa Gor Mahia haikuifunga Espérance ya Tunisia katika fainali ya 1987, hivyo kombe ni la bahati tu. Wengine wanawajibu ati bao la ugenini ni mabao mawili. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimepotoka. Hebu tuchambue.

Kwanza, maneno. Fainali ya vilabu barani Afrika mara nyingi huchezwa mara mbili, nyumbani na ugenini. Mchezo wa kwanza huitwa mkondo wa kwanza. Usiseme "mguu wa kwanza", jamani, mpira wote si ni wa miguu! Mchezo wa pili ni marudiano. Timu zikitoka bila mshindi, hiyo ni sare. Mabao ya michezo yote miwili yakiwekwa pamoja, tunapata jumla.

Sasa tuutazame mfano wetu. Mwaka wa 1979 Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikacharazwa na Canon Yaoundé ya Kamerun 2-0 jijini Nairobi, kisha 6-0 huko Yaoundé. Hapo hapakuwa na ubishi! Mwaka wa 1987 ilirejea, na safari hii wananchi waliliita kombe hilo Kombe la Mandela. Mkondo wa kwanza mjini Tunis uliisha 2-2. Katika marudiano ya Nairobi, mwezi wa Desemba, Peter Dawo alitikisa wavu, nao Espérance wakafunga moja: 1-1. Jumla 3-3. Mizani imesimama sawa. Basi mwamuzi akawa ni hesabu: Gor ilifunga mabao 2 ugenini, Espérance 1 tu. Kombe likabaki Nairobi.

Je, bao la ugenini huhesabiwa mara mbili? La, hasha. Tuseme timu A inashinda kwao 3-1, kisha inafungwa 1-0 kwa timu B. Jumla ni 3-2, na A ndiyo mshindi. Lakini tukilizidisha lile bao la B la ugenini, B itapata 3, na ghafla tutapata sare isiyokuwepo! Kwa hivyo kitenzi sahihi si "kuzidisha" bali "kuamua". Sheria hii hulala usingizi mpaka jumla ziwe sawa. Lengo lake lilikuwa kumtia moyo mgeni ashambulie, asijifungie langoni kwake siku nzima.

Sheria haina ndugu, lakini. Majirani zetu Yanga wa Tanzania waliionja shubiri yake katika fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2023. Dar es Salaam walifungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria. Wakasafiri hadi Algiers, wakashinda 1-0. Jumla 2-2, lakini waarabu wale walikuwa na mabao 2 ya ugenini, Yanga 1. Yanga ikashinda mchezo wa mwisho na kukosa kombe, ilhali Gor ilitoka sare na kulitwaa! Ulaya yenyewe iliifuta sheria hii mwaka wa 2021 katika mashindano ya vilabu vyake.

Kwa hivyo, anayesema Gor ilibahatika akumbuke kwamba kombe halikuchumwa Nairobi pekee. Yale mabao mawili ya Tunis, mbele ya mashabiki wa wenyeji, ndiyo yaliyolileta. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Uwanjani, mgeni akija na bao, mwenyeji huugua.

Zoezi:
1. Mkondo wa kwanza 0-0, marudiano 1-1. Nani bingwa kwa sheria hii, na kwa nini?
2. Tunga sentensi mbili ukitumia "sare" na "jumla".
3. Jadili: Je, ni haki bao la ugenini kuamua bingwa?