Mdogo Wangu, Kitabu cha Programu Hakisomwi kwa Macho Tu

Mdogo wangu, kaa hapa tuzungumze. Najua umekipata kile kitabu cha kujifunza mwenyewe kutengeneza programu za kompyuta, zile zenye dirisha lake, vitufe vyake na visanduku vya kujazia. Najua pia umeshafika katikati, na moyoni una kero ambayo huthubutu kumwambia mtu: ukisoma unaelewa, ukifunga kitabu huwezi kuandika hata mistari mitatu. Umeanza kujiona huna akili, unajiuliza kama mambo haya waliumbiwa wengine. Acha hayo. Wanaojifunza bila mwalimu karibu wote hukwama papo hapo. Mwandishi amekutafunia kila kitu, wewe unatikisa kichwa na kugeuza ukurasa. Kuelewa maelezo ya mtu ni jambo moja, kutunga ya kwako ni jambo lingine, na hilo la pili halipatikani kwa kutazama.

Kabla sijakugombeza, nikuulize: kitabu chenyewe ni cha lini? Wengi mnachukua kinachopatikana, nakala iliyochapwa steshenari au faili ulilorushiwa na rafiki, bila kutazama mwaka. Tuseme unajifunza Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, na madirisha unayatengeneza kwa tkinter. Fungua mfano wa kwanza wa dirisha, tazama mstari wa juu kabisa. Ukikuta Tkinter kwa T kubwa, jua hicho ni kitabu cha Python 2, ambayo watunzaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Kwenye Python 3, iliyotoka mwaka 2008, jina hilo huandikwa kwa t ndogo. Herufi moja tu, na kompyuta inakujibu kwamba haikijui unachokitaka. Wapo waliokesha wakijilaumu, kumbe kitabu ndicho kilichozeeka.

Ukishapata kinachofaa, tulia nacho. Hapa ndipo ninapowasema zaidi wadogo zangu. Leo Python, kesho kutwa umesikia C# ndiyo yenye ajira, wiki ijayo mtu kakwambia Java, na kila mara unaanza ukurasa wa kwanza upya. Mchagua jembe si mkulima. Ukishajua jinsi programu inavyokaa ikimsubiri mtumiaji abofye, ujuzi huo utahama nao hata ukienda lugha nyingine. Mimi nimeshika mfano wa Python kwa sababu ni ya bure, na ukiiweka kwenye Windows kwa njia ya kawaida, tkinter inakuja humo humo. Inakuja pia na IDLE, mahali pa kuandikia programu zako, ambayo yenyewe imetengenezwa kwa tkinter hiyo hiyo. Ukishaipakua, bando likiisha kazi haisimami.

Sasa nisikilize vizuri: andika kwa vidole vyako. Usinakili kutoka kwenye PDF ukabandika. Python hutambua mistari iliyo chini ya mwenzake kwa nafasi zinazoachwa mwanzoni, kwa desturi nne, na kunakili kutoka PDF mara nyingi huzivuruga. Alama za kunukuu nazo huweza kuja zile zilizopinda, ambazo Python haizipokei. Lakini hata kama vingekuja sawasawa, bado ningekukataza, maana kidole kikikosea ndipo jicho linapojifunza kuona. Na faili lako la mazoezi, tafadhali, usiliite tkinter.py. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Python inapotafuta tkinter inakutana na faili lako kwanza, inalichukua hilo, na wewe unahangaika mpaka unaichukia kompyuta bure.

Nijuavyo mimi, kinachowakimbiza wengi ni yale maandishi mekundu. Yakitokea unashtuka kama umefumaniwa, unafunga kila kitu, unajisemea utaendelea kesho, na kesho hiyo haifiki. Ukupigao ndio ukufunzao, mdogo wangu. Anza kusoma mstari wa mwisho, ndiko Python inakotaja aina ya kosa, kisha panda juu utafute namba ya mstari. Hakuna aliyekutukana pale. Umeelekezwa tu mahali pa kwenda kutazama.

Yapo makosa mabaya kuliko hayo, yasiyopiga kelele. Chukua hili. Umetengeneza kitufe cha kuhifadhi mauzo, na ile fanksheni ya kuhifadhi umeiita hifadhi. Kwenye kitufe ukaandika command=hifadhi(). Unafungua programu, kabla hujagusa kitu imeshahifadhi. Unabofya kitufe, kimya. Unabofya tena, kimya. Mchawi ni yale mabano mawili. Ukiyaweka, unaiamuru Python ifanye kazi sasa hivi, wakati kitufe ndiyo kwanza kinatengenezwa, na kitufe chenyewe kinaachwa mikono mitupu. Ukiandika command=hifadhi, bila mabano, unakipa kitufe kazi ya kuishika mpaka kitakapobofywa. Usipite hapo haraka. Programu za madirisha haziendi kutoka juu mpaka chini zikaisha. Zinafunguka, zinakaa, zinamsubiri mtu. Ndiyo maana kila mfano unaishia na mainloop, ndiyo inayosubiri. Na ndiyo maana ukiweka time.sleep(10) ndani ya kazi ya kitufe, dirisha zima linaganda sekunde 10, na aliyekaa mbele yake anadhani umemharibia kompyuta.

Au hili la pesa. Umeweka visanduku viwili, kimoja kina 1500, kingine 500, umejumlisha, jibu limekuja 1500500. Usicheke, yatakufika. Kinachotoka kwenye kisanduku ni maandishi, hata kama umejaza tarakimu tupu, na maandishi ukiyajumlisha hushikana tu. Ukiyapitisha kwanza kwenye int, unapata 2000 yako. Unafurahi, unampa shangazi ajaribu, naye anaandika 1,500 kwa mkato kama alivyozoea maisha yake yote, programu inagoma, kwa kuwa int haiujui mkato. Kitabu kisingekuonya, maana mwandishi hamjui shangazi yako. Wewe unamjua. Kazi ya kumfikiria yeye ni yako, na hakuna sura itakayoifanya kwa niaba yako.

Kwa hiyo usiishie kwenye mifano ya kitabu. Kila sura ukiimaliza, kifunge, andika mfano wake kwa kukumbuka, kisha uharibu kidogo: badilisha jina la kitufe, ongeza kisanduku, ondoa mstari mmoja uone kinachotokea. Na pembeni uwe na programu moja yako mwenyewe, ndogo, ya kitu unachokijua. Daftari la madeni ya dukani linatosha sana: jina la mteja, kiasi, tarehe, kitufe cha kuhifadhi, na orodha ya wanaodaiwa. Sura ya vitufe ikipita, kitufe kinaingia daftarini. Sura ya orodha ikipita, orodha inaingia. Ukifika kwenye kuhifadhi, Python ina sqlite3 ndani yake, hutafuti kingine. Bandu bandu huisha gogo.

Hapa sasa nakuonya kwa nguvu zote, na ukinikasirikia leo utanishukuru baadaye. Ukishaona dirisha lako limefunguka na kitufe kinafanya kazi, utajisikia umefika. Utamwahidi mwenye duka mtaani programu kamili kwa mwisho wa mwezi, upokee na malipo ya awali uyatumie. Usifanye hivyo. Kompyuta ikizima umeme ukikatika, faili likapotea, kinachopotea ni madeni ya watu. Mteja aliyekwisha lipa atadaiwa mara ya pili mbele za watu. Anayedaiwa kweli atakana. Mwenye duka atabaki na hasara, na jina lako litatembea mtaani kabla ya ujuzi wako. Mwambie ukweli kwamba unajifunza. Daftari la karatasi liendelee kuandikwa sambamba, na faili la programu linakiliwe kwenye flashi kila jioni duka linapofungwa. Hesabu za pande zote mbili zikilingana kwa muda wa kutosha, hapo mnaweza kuanza kuzungumza bei.

Mwisho, usijifungie. Kujifunza mwenyewe hakumaanishi kunyamaza. Mficha uchi hazai, na wewe unaficha kukwama kwako wiki nzima kwa kuogopa kuchekwa, wakati jambo lenyewe ni mabano. Tafuta hata mwenzako mmoja anayejifunza, asiwe fundi, awe tu mtu wa kumsomea mstari wako kwa sauti. Mara nyingi utaliona kosa ukiwa bado unamsomea, hajafungua hata mdomo.

Haya, leo usiku usianze sura mpya. Kifunge kitabu, andika dirisha lenye kisanduku kimoja na kitufe kimoja, ukikwama chungulia, ukifunge tena. Likifunguka, nenda kalale, umefanya kazi ya siku. Lisipofunguka, niandikie, dada yako nipo. Ila usinitumie picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, nusu imekatwa na nusu inang'aa taa. Ninakilie maneno yote ya kosa, mwanzo mpaka mwisho, na mstari wako wenyewe chini yake. Na kabla hujanitumia, usome tena ule wa mwisho.