Somo katika Kadiri ya Chakula kwa Mwenye Kushuku Maradhi ya Sukari

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo hili lamhusu mtu ambaye hajaambiwa na tabibu kwamba ni mgonjwa, wala hana hakika kwamba ni mzima. Aona kiu isiyokatika; aamka usiku mara tatu au nne kwenda kukojoa; achoka bila ya kazi; nguo zamlegea mwilini; macho yaingia kiwi; na kidonda kidogo cha mguuni chakawia kupona. Au haoni lolote katika hayo, bali baba yake au ndugu yake alipatwa na maradhi ya sukari, na tumbo lake mwenyewe limekwisha kutangulia mbele. Mtu huyo yumo shakani, na walio katika shaka hii aghalabu huwa makundi mawili. Kundi la kwanza hunyamaza, likaendelea na halwa yake, kwa kuchelea kulisikia jina la maradhi. Kundi la pili hujiharamishia kila kitu kwa siku kumi, kisha likachoka, likarejea lilikokuwa. Yote mawili yameikosa njia.

FASILI YA KWANZA: Shaka haiondoki ila kwa kipimo

Kila aliyesoma fikihi aijua kanuni ya kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mwenye udhu akishuku kuwa umetenguka, hubaki na udhu wake. Wako waitumiao kanuni hii pasipo mahali pake, wakasema kwamba asili ya mtu ni uzima, basi na ahesabiwe mzima mpaka aanguke. Hiyo siyo fikihi. Mwili ni amana, na mwekewa amana akisikia kishindo ghalani usiku, huamka akatazama; hasemi kwamba jana mali ilikuwa salama, akajifunika shuka.

Na kutazama kwenyewe ni jambo jepesi. Mtu hukaa muda usiopungua saa nane bila ya kula, akinywa maji matupu, na asubuhi hutolewa damu kidogo. Sukari ikifika 7.0 kwa hesabu ya milimoli katika lita ya damu, ambayo ni 126 kwa hesabu ya miligramu, hicho ni kiwango cha maradhi. Ikiwa baina ya 6.1 na 6.9, Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa imepita kadiri bila ya kufika maradhi. Mtu huyu yuko mpakani. Kiko na kipimo kingine kisichotaka kukaa na njaa, kionyeshacho wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Hicho kikifika asilimia 6.5 ni maradhi. Na asiyekuwa na dalili hahukumiwi kwa kipimo kimoja, bali hupimwa tena.

Katika siku za kabla ya kupimwa, mtu na ale kama ilivyo desturi yake, asijinyime ili hesabu itoke nzuri. Kwani mwenye kumficha tabibu hali yake ajidhulumu nafsi yake. Ama mwenye kiu kali pamoja na kutapika, kupumua kwa nguvu, au kuzidiwa na usingizi, huyo hangoji asubuhi wala hatafutiwi chakula cha kumfaa; hupelekwa hospitali saa ile ile.

FASILI YA PILI: Sababu ya sukari kuzidi katika damu

Maradhi haya si mageni. Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliona kwamba mkojo wa mgonjwa huvuta sisimizi, wakayaita kwa jina la asali; na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika kitabu chake cha Qanun. Lakini dawa yake kubwa haikupatikana mpaka mwaka 1921, pale Banting na Best walipoitoa insulini katika mji wa Toronto, nchini Kanada. Na mwaka 1922 mgonjwa wa kwanza akatibiwa kwayo.

Wali, mkate, muhogo, ndizi na sukari yenyewe, vyote vikishaliwa huvunjwa vikawa sukari, ikaingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, nayo ni kama ufunguo uifunguliao sukari milango ya nyama za mwili, ipate kuingia na kuwa nguvu. Kwa mtu aliyenenepa tumbo na asiyetembea, kufuli hukaza. Kongosho hulazimika kutoa funguo nyingi zaidi, mwaka baada ya mwaka, hata lichoke. Aliye mpakani, kongosho lake limechoka lakini halijashindwa. Ndiyo sababu wakati wake una thamani kubwa.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana Marekani, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002. Watu 3,234 waliokuwa mpakani waligawanywa mafungu. Fungu moja lilifundishwa kupunguza chakula, kutembea dakika 150 kwa juma, na kukusudia kupunguza asilimia 7 ya uzito. Yaani mtu wa kilo 80 apungue kilo tano na nusu hivi. Walioingia katika maradhi katika fungu hilo walipungua kwa asilimia 58, wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa ya metformini walipungua kwa asilimia 31. Basi miguu na sahani zilishinda kidonge.

FASILI YA TATU: Kutengeneza sahani bila ya kuharamisha

Jambo la kwanza ni kinywaji. Mwenye kunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, na kila kikombe vijiko vitatu, amekunywa vijiko kumi na viwili vya sukari kabla ya kutia tonge kinywani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema ni bora sukari ya kutia isizidi kiasi cha vijiko sita kwa siku nzima. Chupa ndogo ya soda peke yake ina vijiko saba au vinane. Mtu na apunguze kijiko kimoja kila juma, na ulimi utazoea. Kahawa chungu ya barazani haina lawama. Lawama ni ya halwa na kashata zinazofuatana nayo.

Jambo la pili ni udanganyifu wa majina. Asali ni dawa kwa mambo yake, lakini katika damu ni sukari. Tende ni chakula cha baraka, lakini kumi si sawa na tatu. Embe moja dogo likitafunwa lina nyuzi za kuichelewesha sukari yake. Maembe matatu yakikamuliwa katika bilauri hupita upesi. Na wasemao kwamba mwarubaini au karela huvunja utamu kwa uchungu wake, wasimfanye mtu akaiacha dawa ya tabibu.

Jambo la tatu ni mgawo wa sahani. Nusu iwe mboga: mchicha, bamia, biringani, matango. Robo iwe samaki, kuku, kunde, choroko au mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, muhogo au mkate. Asubuhi, mahamri mawili kwa bakuli la mbaazi ni bora kuliko matano kwa chai tamu. Tui la nazi si sukari, lakini hunenepesha. Basi nalo lina kadiri yake. Wala mtu asimtwishe mkewe kupika vyungu viwili. Chakula hiki chawafaa watu wote wa nyumba, na watoto wa mwenye maradhi ndio walio karibu zaidi na maradhi hayo.

Jambo la nne ni karamu. Wengi huvunja azma yao si kwa uchu, bali kwa haya, wakiona kuirudisha sahani ya mwenyeji ni kumvunjia heshima. Mgeni na apokee, aonje kipande kimoja, amwombee mwenyeji dua, kisha ampelekee jirani yake sahani. Na mwenyeji mwenye adabu haapi kwamba mgeni lazima amalize. Akifanya hivyo humkirimu mgeni kwa kitu kitakachomla macho na miguu.

FASILI YA NNE: Mwezi wa Ramadhani

Aliye mpakani na asiyetumia dawa, saumu kwa kawaida haimdhuru. Kimdhuruacho ni futari. Tende moja au tatu na maji, kisha sala, kisha sahani iliyogawanywa kama ilivyoelezwa, yamtosha. Kaimati, sharbati, viazi vitamu na ndizi za nazi zikikutana katika mkeka mmoja, mchana wote wa kujizuia huharibiwa kwa nusu saa. Na daku icheleweshwe, wala isiachwe.

Ama mwenye insulini, au vidonge viwezavyo kuishusha sukari mno, na amwendee tabibu juma sita au nane kabla ya mwezi kuandama, wala asibadili dawa kwa rai yake. Akitokwa na jasho, akatetemeka na moyo ukamwenda mbio, na apime. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu, kama walivyobainisha wanazuoni wengi wa zama hizi. Sukari ikiwa chini ya 3.9, yaani 70 kwa hesabu ya miligramu, au ikipita 16.6, yaani 300, na afungue papo hapo, hata kama magharibi iko karibu. Na asiyekuwa na kipimo mkononi asingoje. Mgonjwa amepewa ruhusa, na kuipokea ruhusa si upungufu wa imani.

MUHTASARI: Mwenye kushuku na apime, aliye mpakani na apunguze na atembee, mwenye maradhi na afuate tabibu, akiitengeneza sahani yake. Halali haikuwa haramu kwa yeyote katika hao. Iliyotakiwa ni kadiri. Na kadiri hushikwa kwa wepesi zaidi na mwenye miguu miwili na macho mawili kuliko aliyengoja mpaka kimoja kimeondoka.

Wabillahi taufiki.