Kuulizwa au kukubali? Maneno ya Katiba kwa mkazi wa Merti

Kikao cha bajeti kilikuwa kimekwisha na vijana walikuwa wakipanga viti juu ya lori, mzee mmoja aliponishika mkono. "Kijana wangu," akaniambia, "hiyo mnayoita ushirikishwaji wa umma, ni sisi kuulizwa ama ni sisi kukubali?" Gari lilikuwa likiningoja, nikamjibu harakaharaka, na jibu lenyewe halikuwa zuri. Makala haya ya somo la uraia ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Swali lake ni zito kwa sababu Katiba yetu, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ina mambo ambayo mwananchi ana haki ya kuulizwa tu, na ina mambo ambayo asipokubali hayasongi hata hatua moja. Ukichanganya hayo mawili utapoteza siku nzima ukipinga kitu usichoweza kukizuia, au utanyamaza mbele ya kitu ambacho neno lako lingetosha kukisimamisha. Kwa Merti, kitu hicho cha pili ni ardhi. Lakini tuanze mwanzo.

Neno la kwanza ni mamlaka ya wananchi. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, na kwamba wanaweza kuyatumia wenyewe moja kwa moja au kupitia wale waliowachagua. Wazo hili lilitembea safari ndefu kabla ya kutufikia. Katiba ya Marekani iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 inaanza kwa watu kujitaja wenyewe kuwa ndio wanaoiweka, na utangulizi wa Katiba yetu unaanza vivyo hivyo, kwa "sisi". Ni haki kuongeza kwamba "sisi" ya wakati ule kule Marekani haikuwahesabu watumwa, na wanawake hawakuwa na kura. Neno likishaandikwa, huwachukua watu muda mrefu kulidai kwa maana yake kamili.

La pili ni ukuu wa Katiba, Kifungu cha 2. Sheria yoyote, ya Nairobi au ya kaunti, na hata desturi, ikipingana na Katiba haina nguvu. Nani anaamua kwamba inapingana? Mahakama. Wamarekani hawakuandika jambo hilo waziwazi katika Katiba yao. Lilithibitishwa na Mahakama yao ya Juu mwaka 1803, katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison. Sisi tumeliandika: Kifungu cha 165 kinaipa Mahakama Kuu kazi hiyo. Na limetumika hadharani. Mpango wa kurekebisha Katiba uliojulikana kama BBI ulipingwa katika Mahakama Kuu mwaka 2021, ukafika Mahakama ya Juu, na tarehe 31 Machi 2022 ukakwama huko, ingawa ulikuwa ukiungwa mkono na Rais aliyekuwa madarakani.

Wazee wa Waso hawahitaji kuelezwa kwa nini kuna haja ya sheria iliyo juu ya wakubwa. Wao wana jina la miaka ambayo ulinzi huo haukuwafikia: Gaf Daba. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kaskazini Mashariki mwezi Desemba 1963, Isiolo ilitiwa katika maeneo yaliyotawaliwa kwa kanuni maalumu. Familia zilikusanywa katika kambi, Merti ikiwa mojawapo, mifugo ikafa au ikachukuliwa, na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria iliyowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika maeneo hayo, Isiolo ikiwemo, kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Kanuni za hali ya hatari zenyewe ziliendelea hadi 1991. Leo Kifungu cha 58 kinasema tangazo la hali ya hatari hudumu siku 14 tu. Likitakiwa kuendelea, theluthi mbili ya wabunge lazima waunge mkono mara ya kwanza na robo tatu mara zinazofuata, na kila nyongeza haizidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kuulizwa kama tangazo hilo ni halali. Nikisoma kifungu hicho huwa nawaza kwamba waliokiandika walikuwa na watu wa kaskazini akilini.

Sasa ugatuzi, neno ambalo kila mtu hulitaja na wengi hulielewa nusu. Kaunti si kama jimbo la Marekani. Kule kila jimbo lina katiba yake na mahakama zake, na mamlaka ambayo hayakupewa serikali ya shirikisho hubaki kwa majimbo au kwa watu. Kwetu ni kinyume: kazi ambayo Katiba haikuipa kaunti ni ya serikali ya kitaifa. Kazi zenyewe zimeorodheshwa katika Jedwali la Nne. Zahanati na vituo vya afya, chekechea, barabara za kaunti, maji, masoko, kilimo na afya ya mifugo ni zetu. Polisi, shule za msingi na za upili, barabara kuu za kitaifa na kitambulisho ni za serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mama anayekuja ofisi ya wadi ya Cherab au Chari kulalamika kwamba kijana wake amekaa miezi akingoja kitambulisho hafukuzwi, lakini tutamwelekeza kwa ofisi nyingine. Anayelalamika kwamba zahanati haina dawa, huyo amefika mlango wenyewe.

Ndani ya kaunti pia kuna mgawanyo wa madaraka. Gavana na mawaziri wake hutekeleza. Bunge la Kaunti hutunga sheria, hupitisha bajeti na kusimamia matumizi ya fedha. Mwakilishi wa wadi hana mkoba wa kujenga kisima. Anachoweza ni kukipigania kiingie katika bajeti na kisha kuuliza kwa nini hakijachimbwa. Gavana akidaiwa kukiuka Katiba, Bunge la Kaunti ndilo hupitisha hoja ya kumwondoa na Seneti ndiyo husikiliza mashtaka, karibu sawa na wanavyofanya Marekani, ambako bunge moja hushtaki na lingine huhukumu. Hayo yanatosha kwa leo, maana swali la mzee halijajibiwa bado.

Ushirikishwaji wa umma umetajwa katika Kifungu cha 10 kama moja ya maadili ya taifa, na Kifungu cha 196 kinalilazimisha Bunge la Kaunti kuuwezesha. Ni wajibu. Sheria au bajeti iliyopitishwa bila huo inaweza kubatilishwa mahakamani. Watu wapewe habari mapema, kwa lugha wanayoielewa, wapate nafasi ya kusema, na walichosema kizingatiwe kwa dhati. Kuandikisha majina na kugawa soda si ushirikishwaji. (Nasema hili nikijua kwamba ni idara yangu hupiga picha za vikao hivyo.) Hata hivyo, katika bajeti au mswada, mwenye kuamua mwisho ni wawakilishi mliowachagua. Kikao kizima cha Merti kinaweza kutaka barabara, na Bunge likaweka fedha hizo katika maji. Hapo mmeulizwa. Mkihisi hamkusikizwa, sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inampa mkazi yeyote haki ya kuandika ombi rasmi kwa kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Na tarehe nazo ni muhimu: makadirio ya bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya 30 Aprili, kwa hiyo anayekuja na ombi la kisima mwezi wa Juni amekuja msafara umeshaondoka.

Ardhi ya jamii ni habari nyingine kabisa. Kifungu cha 63 kinasema ardhi hiyo ni mali ya jamii yenyewe, yakiwemo malisho inayoyatumia. Pale ambapo haijasajiliwa, serikali ya kaunti huishikilia kwa niaba ya jamii. Kuishikilia maana yake ni kuitunza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaikataza kaunti kuiuza, kuihamisha au kuigeuza iwe ya mtu binafsi. Na mwekezaji anapotaka mkataba juu ya ardhi ya jamii, mkataba huo haufungwi mpaka theluthi mbili ya mkutano wa jamii waukubali, katika kikao ambacho wamehudhuria theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo. Mzee wangu, hapa jibu ni kukubali. Sahihi za watu watano hotelini Isiolo haziwezi kusimama mahali pa idadi hiyo, hata kama watano hao wanaheshimika.

Watu wazima, tuelewane, ni wanaume na wanawake, na vijana waliotimiza umri. Sheria hiyo inakataza ubaguzi, na Kifungu cha 60 cha Katiba kinataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe. Kikao cha wanaume watupu chini ya mti, kiwe na hekima kiasi gani, hakina theluthi mbili. Wakati huohuo sheria haikuzika utaratibu wetu: inataka desturi za wafugaji zizingatiwe katika malisho, na inaruhusu jamii kumkaribisha mfugaji wa nje kwa masharti. Wazee wa dedha wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani, wakipanga nani alishe wapi masika na nani asogee mtoni kiangazi. Tofauti ni kwamba sasa kanuni hizo zinaweza kuandikwa na kusajiliwa, zikawa na nguvu mahakamani.

Si nadharia tu, na Merti inajua. Baadhi ya wakazi walipeleka malalamiko yao mahakamani mwaka 2021 kuhusu hifadhi za wanyamapori zilizoanzishwa katika malisho yao. Mwezi Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikiketi Isiolo, iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha Katiba, bila umma kushirikishwa inavyotakiwa. Najua watu wamegawanyika juu ya hifadhi. Wapo waliopata kazi ya ulinzi na karo ya watoto, na wapo waliozuiwa malisho. Jarida hili halitaamua ugomvi huo, na upande usioridhika una haki ya kukata rufaa. Lakini kwa somo letu, tazameni kilichotokea: mahakama ilipima njia iliyotumika, na njia ikaonekana kuwa na kasoro ingawa miaka ilikuwa imepita na mambo mengi yalikuwa yamejengwa juu yake. Mradi mzuri ukipita njia mbaya unaweza kuanguka kama mbaya, na anayeumia ni yule aliyekuwa akitegemea mshahara wake.

Ardhi ambayo haijasajiliwa hulindwa na sheria, ila hulindwa vyema zaidi ikisajiliwa. Hatua zenyewe huanza kwa jamii. Hutolewa tangazo la mkutano wa wote. Mkutano huchagua kamati ya usimamizi yenye watu 7 hadi 15. Orodha ya wanajamii na kanuni zao huandikwa. Kisha maombi hupelekwa kwa msajili wa ardhi ya jamii, ambaye ni afisa wa serikali ya kitaifa. Baada ya hapo hufuata upimaji, na hapo ndipo majirani lazima wawepo. Mpaka kati ya malisho ya Korbesa na ya jirani yake hauwezi kuchorwa na mtu mwenye ramani ambaye hajawahi kuchunga huko. Kazi ya kaunti ni kuandaa, kwa kushauriana nanyi, orodha ya ardhi zote za jamii ambazo hazijasajiliwa na kuiwasilisha kwa waziri wa ardhi.

Mwenye swali kuhusu orodha hiyo, au anayetaka kujua kama eneo lake limetajwa, aulize katika ofisi ya msimamizi wa kaunti ndogo, Merti. Huhitaji wakili wala barua kuuliza. Na ukiambiwa karatasi hazipo, omba ujibiwe kwa maandishi: haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali iko katika Kifungu cha 35.