Nilipoacha Kugema Ulanzi: Mafunzo Niliyopata

Mkazi wa Igowole, wilayani Mufindi, haelezwi ulanzi ni nini. Mvua zikinyesha, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia, hutundikwa, na kila asubuhi na jioni mgemaji hupitisha kisu tena ili utomvu uendelee kudondoka. Ukinywewa mapema ni togwa, mtamu. Ukilala, ni mkangafu, pombe kali. Nilipookoka niliacha biashara ya kuugema, na ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

1. Sadaka huuma kwa msimu. Ulanzi hutoka kwa wingi wakati wa mvua, na Januari shule hufunguliwa huku mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Hela ya ulanzi ilikuwa ikiingia kila jioni. Ya kuchuma chai inasubiriwa, na ya miti ya paini inasubiriwa miaka na miaka. Kwa hiyo kila Januari wateja walipokuja na madumu yao, nilikuwa naacha upya.

2. Mungu hakunirudishia. Niliahidiwa kwamba ukiacha kimoja utapewa viwili. Nilijifunza kusuka matenga ya nyanya kwa mianzi ileile, nikachuma chai kwa kibarua, na kipato kikabaki chini ya kile cha zamani. Bado namtumaini. Anayetoa huku anasubiri gawio amemgeuza Mungu kikoba.

3. Kuni alibeba Isaka. Tunamsifu Ibrahimu kwa kukubali kumtoa mwanawe sadaka, lakini mzigo wa kuni alitwishwa mtoto, naye hakuwa ameulizwa. Nyumbani kwangu imani ilikuwa yangu, viatu vilivyotoboka vikawa vya wanangu. Mke wangu aliniambia, "Baba, ukitoa, utuambie kabla." Tangu hapo hatutoi kitu kikubwa kabla ya kukaa wote jikoni, karibu na moto, tukazungumza.

4. Jirani anayegema si adui wa Mungu. Wapo wanaotoka kanisani wakapitia kilabuni, na dhamiri zao hazina neno. Mimi niliitwa kuacha; wao sijui.

Wachungaji wetu, mkimwambia muumini aache ulanzi, mtembeleeni Januari, na msiende mikono mitupu.