Ndoto Imekatika, Sasa Amka

Unaota umefungua duka lako hapa Kamenu, wateja wamejaa. Kabla hujahesabu mauzo, alamu inalia. Saa kumi na moja alfajiri, na kodi ya nyumba bado unadaiwa. Unavuta blanketi ukitaka kurudi palepale. Mpendwa, hutarudi.

Soma 1 Wafalme 3:5–28. Usiku kule Gibeoni, Sulemani aliomba hekima na Mungu akamkubalia. Alipoamka akajua alikuwa anaota, lakini hakujifunika tena. Alienda Yerusalemu, akatoa sadaka. Kisha wanawake wawili wakamletea kesi ya mtoto. Hekima aliyopewa usingizini ilionekana kazini.

Swali la wiki: Uliomba nini, na ukiamka kesho utaanzia wapi?