Vimbunga vya Bahari na Mashamba ya Butula

Msomaji wa Butula aweza kuuliza: sisi tulio mbali na pwani, vimbunga vya Bahari ya Hindi vyatuhusu nini? Ni kweli kwamba kimbunga chenyewe hakifiki huku. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto la digrii 26 au zaidi, nacho hakiwezi kuzunguka bila msukumo utokanao na mzunguko wa dunia. Karibu na Ikweta msukumo huo ni hafifu mno, na Ikweta yapita Maseno, si mbali na Butula. Unguja, iliyo kusini zaidi, ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872 na mikarafuu mingi ikang'oka. Mafia ilifikiwa na Hidaya tarehe 4 Mei 2024.

Lakini athari zake hufika mbali. Majira ya vimbunga upande wa kusini ni Novemba hadi Aprili, na ndani yake umo mwezi wa Machi, ambapo mkulima hutazama mawingu ili apande mahindi.

La kuangaliwa ni mahali kilipo kimbunga. Machi 2018 Dumazile na Eliakim vilipita upande wa mashariki wa Bukini. Upepo wa magharibi ukaja na unyevu wa Kongo, na Kenya ikapata mvua nyingi. Machi 2019 mambo yaligeuka. Idai kilikaa katika mlango wa bahari wa Msumbiji, kikapiga karibu na Beira usiku wa kuamkia tarehe 15. Unyevu ulivutwa kusini, na masika ya Kenya yakachelewa. Katika mwaka wa namna hiyo manyunyu ya kwanza huotesha mbegu, kisha jua huikausha, na mwenye shamba hurudi dukani kununua nyingine, ikiwa fedha ipo.

(Ngurumo na mvua ya mawe za alasiri ni jambo jingine kabisa.)

Hii si kanuni isiyovunjika, kwani mvua ina sababu nyingi. Hata hivyo, redio itajapo kimbunga mwezi wa Machi, uliza kwanza: ki mashariki ya Bukini, au ki katika mlango wa Msumbiji? Kikiwa mlangoni, sikiliza taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kupanda, chimba kwa jembe uone unyevu umefika wapi, na sehemu ya mbegu ibaki ghalani.