Mahali pa Kusomea na Athari Yake Katika Kuhifadhi

 

Wasomaji wetu, bila shaka mmepata kuliona jambo hili, kwani katika mitaa yetu hutokea mara kwa mara. Mtoto huisoma Juzuu Amma chuoni kwa ghibu, sura baada ya sura, wala hakosi. Siku moja huja wageni nyumbani, na baba yake humwita ukumbini akamwambia, "Haya mwanangu, wasomee ami zako." Mtoto huanza vyema, kisha hukwama katikati, akainamisha kichwa, jasho likamtoka. Wageni hunyamaza kwa kumwonea haya, na baba hukasirika. Kesho yake habari humfikia mwalimu, na mtoto hupigwa kwa kosa la kutodurusu.

Twauliza: Je, mtoto huyu amesahau kweli? Na ikiwa hakusahau, amepigwa kwa kosa gani?

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichungua jambo hili. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Uingereza, Duncan Godden na Alan Baddeley, walitangaza jaribio walilolifanya katika bahari ya Scotland. Waliwachukua wapiga mbizi, wakawasomea maneno 36 ya kuhifadhi, mara wakiwa nchi kavu, mara wakiwa chini ya maji kiasi cha futi 20. Kisha waliwataka wayataje. Walipojifunza nchi kavu na kuulizwa huko huko, walikumbuka kwa wastani maneno 13 na nusu. Walipoulizwa majini, walikumbuka 8 na ushei. Na walipojifunza majini wakaulizwa majini, walikumbuka 11 na ushei. Walipotolewa nchi kavu, walishuka hadi 8 na ushei. Watu ni wale wale, kilichobadilika ni mahali.

Mwaka 1980 wataalamu hao walijaribu kwa njia nyingine. Mara hii hawakuwataka watu wayatoe maneno vichwani mwao, bali waliwapa maneno wachague yale waliyojifunza. Hapo mahali hapakuleta tofauti. Maana yake ni kuwa neno halikupotea. Lilikuwamo moyoni, ila lilikosa cha kulivuta. Ndivyo alivyo yule mtoto wetu. Mara nyingi akidokezwa neno moja la aya, huendelea mwenyewe mpaka mwisho wa sura.

Sababu yake si ya ajabu. Mtu anapojifunza, moyo hauchukui maneno peke yake. Huchukua pamoja nayo jamvi alilokalia, sauti za wenziwe, ukuta ulio mbele yake na uso wa mwalimu wake. Vitu hivyo huwa mfano wa kamba ya ndoo kisimani. Akiwa chuoni kamba imo mkononi. Akiwa ukumbini mbele ya wageni maji yamo kisimani, lakini kamba haipo.

Hata hivyo haifai kulitia jambo hili chumvi. Mwaka 2021 Jaap Murre wa Amsterdam aliurudia uchunguzi ule wa wapiga mbizi, wala hakupata matokeo kama yale ya kwanza. Kwa hiyo tusiseme kuwa mahali ndipo panapoamua kila kitu. Tusemalo ni kuwa mahali paweza kusaidia na paweza kuzuia, na mwenye busara hujitayarisha kwa yote mawili.

Tena dawa yake yajulikana. Mwaka 1978 Steven Smith, Arthur Glenberg na Robert Bjork, huko Marekani, waliwapa watu maneno 40 wayasome mara mbili. Wengine walisoma mara zote mbili katika chumba kimoja, wengine katika vyumba viwili mbali mbali. Kisha wote waliulizwa katika chumba cha tatu. Waliosoma chumba kimoja walikumbuka kiasi cha maneno 16, na waliosoma vyumba viwili walikumbuka kiasi cha 24. Na mwaka 1979 huyo Smith alionyesha kuwa mtu aliye mahali pageni, akikifikiria kwa makini chumba alichosomea, hukumbuka vizuri zaidi.

Wala wanavyuoni wetu wa zamani hawakughafilika na habari ya mahali. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 wa Hijria, aliwausia wenye kuhifadhi wachague vyumba vya juu, wakae mbali na njia za watu na kila kiushughulishacho moyo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: utulivu wakati wa kulitia somo moyoni. Hatua ya pili, ambayo wengi wetu twaiacha, ni kulitembeza somo baada ya kuingia.

Basi twawanasihi wazazi na waalimu mambo haya. Somo jipya na lihifadhiwe mahali patulivu. Likishakaa, mtoto na alidurusu penginepo: barazani, msikitini baada ya sala, njiani akiwa na baba yake, na nyumbani mbele ya mama yake. Mwalimu naye awabadilishe watoto mahali pa kukaa, na awasikilize mmoja mmoja, kwani asomaye pamoja na kundi huenda akabebwa na sauti za wenziwe. Na mtoto akikwama mbele za watu, aambiwe taratibu, "Jifikirie uko chuoni, mbele ya mwalimu wako," kisha adokezwe neno moja.

Na vijana wetu wa skuli nao wafanye vivyo hivyo. Chumba cha mtihani si chumba cha nyumbani, basi asiyepata kulijaribu somo lake ila kitandani pake asistaajabu likimkimbia huko.

Ndugu zetu, twawajua watu wazima waliokiacha chuo kwa sababu ya siku moja ya aibu kama ile, na hata leo wakiombwa kusoma huona haya. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Walihitaji mtu wa kuwashika mkono kutoka jamvi moja hadi jingine, nao wakapata fimbo. Tusiwafanyie wana wetu hivyo. Elimu iliyokaa mahali pamoja tu haijawa mali ya mwenyewe. Na kuifanya iwe mali yake ni kazi yetu kabla haijawa kazi ya mtoto.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.